Mkono wa Kushoto Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 6 Januari
Asubuhi: jua kali tangu saa moja, hakuna hata wingu. Upepo wa vumbi kutoka barabarani.

Daftari la zamani limejaa, nimeanza jipya. Kanuni ni zile zile: tarehe, hali ya hewa, idadi ya vioo vya nyuma nilivyopika, saa niliyolala. Hiyo ya mwisho naijaza asubuhi inayofuata kwa penseli, kwa kukumbuka mara ya mwisho nilipotazama saa ya ukutani. Mengine nitaandika yakinibana.

Yamenibana siku ya kwanza.

Joto likianza, wenye magari wote hukumbuka kwa pamoja tinti, ile plastiki nyeusi ya kuzuia jua kwenye vioo. Leo yamekuja matano. Vioo vya pembeni ni kazi ya kila mtu. Kioo cha nyuma ndicho kinachomtenga fundi na mfuta vioo, kwa sababu kimebinuka kama ubavu wa mtungi, na tinti hutoka kwenye roli ikiwa bapa kama karatasi. Ukiilaza juu ya kioo inagoma. Inaacha mikunjo imesimama juu na chini, na Baba huiita masikio. Unayalaza masikio kwa hewa ya moto ya blowa, moja baada ya jingine, mpaka tinti inywee na kushika umbo la kioo. Hapa karakana tunasema kupika.

Baba alipika miaka ishirini na saba. Sasa macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu. Wateja wanamwita kaka yangu Fundi Mkuu. Mimi wananiita "yule dada wa pale".

Anayepika ni mimi. Tangu macho ya Baba yaharibike, miaka miwili sasa, hakuna kioo cha nyuma kilichotoka hapa ambacho sikukipika mimi. Kaka alijaribu mwanzoni, akaunguza vipande vitatu mfululizo, na Mama akaniomba nimsaidie "kwa muda, mpaka mkono wake ukae sawa". Haujakaa. Kwa hiyo kona ya ndani ina pazia la turubai. Likija gari, Kaka anasema kupika kunataka kusiwe na upepo, analivuta, na mimi napitia mlango wa nyuma.

Leo jioni tukila, Baba akasema, "Mvua ya kwanza ikinyesha, msimu umeisha, nakabidhi ufunguo. Apikaye kioo cha nyuma ndiye mwenye karakana. Ndivyo nilivyoipata mimi kwa aliyenifundisha." Akageuza uso upande wa Kaka. Kaka akasema, "Asante, Baba." Hakutafuna hata kidogo, aliyameza yale maneno mazima mazima.

Vioo: vitatu. Kulala: saa saba kasoro robo usiku.

Jumanne, 7 Januari
Jua. Vioo viwili. Sikuongea na mtu. Kulala: saa sita na nusu.

Alhamisi, 9 Januari
Jua, vumbi jingi zaidi ya jana.

Nimeona kwa macho yangu kitu ambacho Mama Saluni, jirani yetu, amekuwa akinidokeza. Nilikuwa nimemaliza kioo cha gari la daktari wa meno, mgongo umelowa, vidole vimebabuka. Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Kaka alichukua chupa yetu ya maji ya sabuni, ile ya kupulizia kioo, akajipulizia usoni. Mara mbili. Kisha shingoni. Akalivuta pazia akatoka anahema.

"Pole na kazi, Fundi Mkuu," daktari akamwambia.

"Ah, tumezoea, mzee. Hiki kioo chako kina kiburi."

Kina kiburi! Aliyezungumza na hicho kiburi dakika hamsini ni mimi.

Vioo: vinne. Kulala: saa nane.

Jumanne, 14 Januari
Wingu jembamba asubuhi, likayeyuka kabla ya saa tatu.

Nimemwambia Mama. Nilimkuta anaanua nguo, nikashika upande mmoja wa shuka ili tulikunje pamoja, maana ukitaka Mama asikilize lazima mikono yake iwe na kazi.

"Mama, ufunguo anapewa nani?"

"Si umesikia mwenyewe."

"Nimesikia apikaye. Nani anapika?"

Akalivuta shuka upande wake. "Mwanangu, kaka yako ana mke na watoto wawili wanaomtazama. Wewe ni msichana, una akili, popote utakapokwenda utakula."

"Kwa hiyo akili yangu ndiyo kosa langu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema, Mama. Umelikunja tu vizuri."

Akanipokonya kona yangu. Shuka lilikunjwa mara nne, kona juu ya kona. Mama hajui kufanya kitu ovyo, hata dhuluma anaipanga vizuri. Nimeandika neno hilo na silifuti.

Vioo: viwili. Kulala: saa saba.

Jumatano, 15 Januari
Jua. Vioo vitatu. Kulala: saa sita.

Jumamosi, 18 Januari
Jua. Vioo vitano. Kidole gumba kimetoka lengelenge. Kulala: sikumbuki.

Alhamisi, 23 Januari
Jua, hewa imesimama kabisa, jani halitikisiki.

Mchana nimekaa kwenye benchi la Mama Saluni kunywa maji. Alikuwa anamkausha mteja nywele.

"Njoo hapa, mwenzangu wa kazi," akaniita. "Mimi nakausha nywele za watu, wewe za magari."

"Nani kakwambia nakausha?"

"Mwanangu, mimi nina blowa mkononi mwaka wa kumi na tano. Mtu aliyeishika siku nzima anajulikana anavyokunja kiwiko. Kaka yako anaishika kama anaswaga mbuzi." Mteja wake akacheka mpaka akaungua sikio. "Tulia wewe! Tena mtu mwenyewe ni wa mkono wa kushoto. Nakuona ukipita mlango wa nyuma na kisu chako cha tinti kushoto. Unadhani pazia linaziba na nyuma?"

Nikamwambia asiseme. Baada ya kusema hivyo nikajichukia. Nani ananilipa kwa kulinda uongo ambao unaniibia?

Vioo: vitatu. Kulala: saa nane na nusu.

Jumanne, 28 Januari
Jua kali kupita yote ya mwezi huu. Mabati yanalia.

Baba kaja karakana. Huja mara moja moja, Mama akimshika mkono. Hawezi kuona kazi kwa hiyo anaipapasa: anaingia kiti cha nyuma cha gari, anapitisha dole gumba ukingoni mwa tinti, kona hadi kona, polepole kama mtu anayesoma. Leo alipapasa kioo nilichomaliza asubuhi. Alifika kona ya chini, upande wa kushoto, akasimama. Akairudia ile kona. Kisha akatoka.

"Kazi safi," akasema.

"Asante, Baba," Kaka akajibu.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake nimeshika ndoo. Baba alinipita karibu mpaka shati lake likanigusa. Ningeweza kusema. Ndoo ilikuwa nzito, nikailaumu ndoo.

Vioo: viwili. Kulala: saa tisa.

Jumatatu, 3 Februari
Jua. Vioo vinne. Kulala: saa saba.

Jumanne, 11 Februari
Jua, vumbi.

Ugomvi. Roli ya tinti inakaribia kuisha na nyingine haijafika. Kesho asubuhi kuna gari la mwalimu wa udereva, gari lake moja tu la kufundishia, na keshokutwa wanafunzi wake wanafanya mtihani ndani yake. Kioo chake cha nyuma ni cha aina mbaya kuliko zote: kimebinuka juu, kimebinuka na pembeni.

Kaka akapima, akasema, "Tukikata kwa urefu wa roli, inapotea nyingi. Tukigeuza, upana wa roli ukae kulia kwenda kushoto, kipande kinatosha na kinabaki."

"Ukigeuza haitanywea."

"Tinti ni tinti."

Nikamweleza kama anavyoelezwa mtoto. Tinti hunywea upande mmoja tu, upande inakofungukia roli, kwa sababu kiwandani ilivutwa upande huo. Masikio yakisimama juu na chini, basi urefu wa roli lazima ulale kulia kwenda kushoto, ndipo moto uyameze. Ukigeuza, utapuliza mpaka kesho, yatakutazama tu. Hilo ni somo la kwanza la Baba. Tulifundishwa siku moja, saa moja, tumesimama bega kwa bega.

"Unajifanya unajua sana," akasema.

"Sijifanyi."

"Haya. Kesho nitapika mwenyewe. Wewe pumzika."

"Nitapumzika," nikasema. "Nitapumzikia mbele, watu wanione."

Vioo: kimoja. Kulala: saa tisa na robo.

Jumatano, 12 Februari
Asubuhi: jua, hewa nzito, mbingu nyeupe.

Naandika kwa utaratibu, kama yalivyotokea, ili mtu asije akanipotosha hata mimi mwenyewe.

Saa tatu mwalimu wa udereva kaleta gari. Ni mtu mfupi, msemaji, anayemwelekeza kila mtu namna ya kutembea. "Taratibu, taratibu, kata kulia," alimwambia Kaka alipoliingiza. Pazia likavutwa. Mimi nikaenda kukaa kwenye benchi la saluni, barabarani kabisa, mikono juu ya magoti. Mama Saluni akatoka na kitana kichwani.

"Leo vipi? Nani yuko ndani?"

"Fundi Mkuu."

"Peke yake?" Akashika kiuno. "Basi ngoja niingize viti vyangu."

Saa tatu na nusu nikasikia blowa. Mtu anayepika vizuri, sauti ya blowa inakwenda na kurudi, inakaribia na kujitenga. Hii ilikuwa sauti moja iliyosimama mahali pamoja. Nikajua masikio hayalali na yeye ameamua kuyalazimisha. Nikahesabu. Nilifika tisini. Nikasimama. Nilitaka kukimbia nikalivute lile pazia nimnyang'anye, nakiri hapa, miguu yangu ilishaanza. Lakini kichwa kikasema: utamwokoa mara ngapi? Nikakaa.

Kisha ukaja mlio. Si mkubwa, kama mtu aliyemwaga kikapu cha changarawe kwenye sinia.

Nilipofika, kioo chote cha nyuma kilikuwa punje punje kama chumvi ya mawe, nyingine kwenye viti, nyingine kwenye nywele za Kaka. Tinti ilikuwa inaning'inia ukingoni, masikio yake yote yamesimama, yameungua ncha. Kaka alikuwa mzima, hakuna hata mkwaruzo. Blowa bado inavuma mkononi mwake. Niliizima mimi.

Mwalimu wa udereva akaingia kwa kishindo. "Ni nini hiki? Ni nini hiki? Kesho nina mtihani! Nani kafanya?"

Kaka akanitazama. Nilimwona akitafuta, kama mtu anayetafuta swichi gizani, na nikamwona akiipata.

"Nilimwachia dada yangu kidogo," akasema. "Nilitoka kunywa maji."

Ndivyo alivyosema. Mbele yangu, punje za kioo zikiwa kichwani mwake.

"Muongo!" nikasema. "Mimi nilikuwa kwenye benchi, uliza—"

"Dada, si sasa, mteja yuko hapa."

"Mwanamke unampa moto wa nini?" mwalimu akamfokea Kaka. "Kuna kazi za watu na kazi za watu!"

Mama Saluni alikuwa mlangoni amefungua mdomo aseme. Nilimtazama nikitegemea aseme. Mwalimu akampita akiwa bado anapiga kelele, akaondoka na gari lake lisilo na kioo, vumbi likiingia nyuma kama moshi.

Jioni nyumbani Kaka akasimulia upya, vizuri zaidi. Mara hii nilikuwa nimeng'ang'ania kujaribu. Nikafungua mdomo, na Mama akanishika kifundo cha mkono chini ya meza. Hakukibana. Alikishika tu. Mdomo wangu ukafungwa na vidole vitano vya mama yangu.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Kioo kilipasuka juu au chini?" aliuliza.

"Juu, Baba," Kaka akasema.

Baba akageuza uso upande wangu. "Kuanzia kesho," akaniambia, "utafuta vioo vya pembeni. Usishike blowa."

Sikulia. Naandika hilo kwa sababu ni kweli na kwa sababu nilitaka sana.

Vioo: hakuna. Kulala: sikulala.

Alhamisi, 13 Februari
Jua. Nimefuta vioo vya pembeni kumi na viwili.

Ijumaa, 14 Februari
Jua. Nimefuta kumi na sita. Kaka amewaambia wenye vioo vilivyobinuka warudi wiki ijayo, roli haijafika. Roli imefika, nimeipokea mimi.

Jumatatu, 17 Februari
Jua. Nimefuta. Kulala: saa tisa.

Ijumaa, 21 Februari
Jua, lakini upepo umegeuka, unanuka majani.

Nilikuwa nafagia kona ya ndani. Nyuma ya pipa nikakuta kile kipande cha tinti cha siku ile, kimekunjwakunjwa. Aliyekificha hakujua kuficha. Nikakinyoosha juu ya sakafu. Masikio saba juu, sita chini, yote yamesimama, yameungua bila kulala. Na lile karatasi la nyuma linaloshikana na tinti lina mstari wa maandishi ya kiwanda unaofuata urefu wa roli. Mstari ulikuwa unakwenda juu kwenda chini. Amegeuza. Kipande hiki ni shahidi ambaye hatasahau wala kushikwa mkono chini ya meza.

Nimekikunja taratibu, nimekiweka ndani ya daftari hili. Daftari sasa halifungi vizuri.

Kulala: saa sita. Mara ya kwanza wiki hii kabla ya saa nane.

Jumatatu, 24 Februari
Asubuhi: mawingu mazito, hayakutoa kitu.

Nilingoja Mama aende kwa jirani. Baba alikuwa ameketi ukumbini, redio imezimwa. Nikamwamkia, nikamwekea kipande mapajani bila maelezo.

Dole gumba likaanza safari. Sikio la kwanza, la pili, la tatu. Likagusa lile karatasi, likasugua.

"Imegeuzwa," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Huu si mkono wako."

Nilikuwa nimejiandaa na hoja sita, nimeziandika pembeni ya ukurasa huu, bado zinasomeka. Zote zikanitoka. "Mkono wangu unaujua?"

"Kaka yako kisu chake huanzia kushoto. Wako huanzia kulia, unakuja kumalizikia kona ya chini kushoto. Pale kisu kinapojikuta na kilipoanzia panabaki kijino, kidogo kuliko mchele. Nakigusa kila nikija." Akatabasamu kidogo. "Kizuri. Mimi changu hakikuwahi kuwa kidogo hivyo."

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

"Mwezi gani wa kwanza?"

"Ule macho yalipoharibika."

Miaka miwili. Nilisimama. Nikakaa tena.

"Na kioo cha mwalimu wa udereva?"

"Nilijua jioni ileile. Kioo hakipasukii juu mpaka mtu asimamishe moto. Wewe husimamishi moto."

"Halafu ukaniambia nifute vioo."

"Nilitaka kaka yako abaki peke yake na kazi. Aone mwenyewe, aje aniambie mwenyewe. Mwanaume akiambiwa na baba yake kwamba hajui kazi, anavunjika."

"Na mimi?"

"Wewe huvunjiki," akasema, kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi.

Hapo ndipo hasira yote ya msimu huu ilipohama nyumba. Ilitoka kwa Kaka ikaenda kwa Baba, na mizigo yake yote. Kaka ni mwoga na muongo, lakini hakujua kwamba anajulikana. Baba alikuwa ameketi gizani mwake na ukweli mkononi, anaupapasa kila akija karakana, anasema "kazi safi" kwa mtu asiye fundi.

"Baba," nikasema, "hata kioo huwa hakivunjiki. Mpaka kipashwe moto mahali pamoja."

Dole gumba lake likarudi kwenye kipande.

"Umenifanya kitambaa cha kumfutia Kaka aibu. Na umengoja nichakae ndipo useme."

"Binti yangu—"

"Sasa sikiliza. Ukimpa Kaka ufunguo, mimi sitapiga kelele. Nitahamia kwa Mama Saluni, nitafungua meza mbele ya mlango wake, na kila atakayepita ataniona nikipika. Bila pazia."

Nikachukua kipande changu nikatoka. Sijawahi kumgeuzia Baba mgongo akiwa anazungumza. Hakuwa anazungumza, lakini alikuwa amefungua mdomo.

Kulala: saa kumi alfajiri, kama huko ni kulala.

Jumanne, 25 Februari
Mawingu. Sina cha kusema kwa mtu yeyote wa nyumba hii.

Jumanne, 4 Machi
Mawingu, radi mbali. Kaka amejaribu kioo kidogo, karibu bapa, pazia likiwa limevutwa. Ameunguza vipande viwili. Alipotoka hakujipulizia maji. Amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitazama mikono yake. Nilikuwa na la kusema na sikulisema. Si huruma. Nilichoka tu kumtazama.

Kulala: saa saba.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi: giza la mawingu tangu alfajiri. Saa mbili na dakika kumi, mvua.

Ilianza kama kokoto juu ya mabati, kisha yakawa maji tu. Barabara ikageuka kahawia. Vumbi la miezi miwili likalala kwa dakika tano. Baba alikuja amefunikwa na mwavuli wa Mama, akaketi kwenye kiti cha wateja. Mfuko wa shati lake ulikuwa umening'inia kwa uzito wa ufunguo. Kaka alikuwa anapanga kadi za plastiki za kusugulia tinti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Na katika mvua hiyo nani akaingia? Mwalimu wa udereva, gari lake likiwa na kioo kipya cha nyuma.

"Nimekuja kwa sababu nawaheshimu," akapaza sauti juu ya mvua. "Lakini moto asishike huyu dada! Aliyenivunjia kioo asisogee hata karibu!"

Kaka akazidi kupanga kadi. Mama akatazama chini. Mama Saluni alikuwa mlangoni kwake ng'ambo ya uchochoro, kitambaa kichwani, anatazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

Kaka akachukua blowa. Akaenda hadi kwenye pazia, akalishika, asilivute. Akageuka kwangu, midomo ikasema bila sauti: njoo.

"Pazia kwanza," nikasema.

Akamtazama Baba, kana kwamba Baba angemwona. Basi nikaenda mwenyewe. Nililishika turubai kwa mikono miwili nikalivuta chini, kulabu zikaruka moja moja. Nikalitupa mlangoni, penye matope.

Nikachukua blowa mkononi mwake. Aliniachia haraka sana.

"Si huyu huyu?" mwalimu akapiga kelele. "Fundi Mkuu, sema kitu!"

Nikafanya kazi. Poda ya kutelezesha tinti juu ya kioo kikavu, nikaisambaza kwa kiganja. Tinti, urefu wa roli kulia kwenda kushoto. Sponji yenye maji mstari mmoja katikati na mmoja kila upande, ili ishike. Masikio yakasimama, manane juu, saba chini, marefu kuliko yote niliyowahi kuyaona. Nikawasha. Kwenda na kurudi, kukaribia na kujitenga. Unasubiri mpaka tinti itetemeke, inakuwa kama ngozi ya maziwa ya moto, kisha kadi inafuata, na sikio halipo. Mwalimu aliacha kusema kwenye sikio la tatu. Kwenye la kumi alikuwa ameinama karibu yangu mno, mikono mgongoni, na kwa mara ya kwanza hakumwelekeza mtu. Nikakata kwa mkono wangu wa kushoto, kutoka kulia, mbele ya watu wote. Nikaihamishia ndani ya gari, upande wa pili wa kioo. Dakika sitini na tano.

Baba akaomba aongozwe. Akaingia kiti cha nyuma. Dole gumba likaenda kona hadi kona, likafika chini kushoto, likatulia pale. Akatoka, akatoa ufunguo, akanyoosha mkono upande wangu. Alijua niliposimama.

"Shika."

Mikono yangu ilibaki chini. "Sema kwanza, Baba. Miaka miwili vioo vya nyuma vimepikwa na nani?"

Mama akaanza, "Mwanangu, si mbele ya—" na safari hii nilikuwa mbali na meza.

Baba akasema kitu. Mvua ikakila.

"Sikusikia," nikasema.

"Na binti yangu," akasema kwa nguvu zaidi.

"Mvua, Baba."

Akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikasimama. "Na binti yangu!" akapiga ukelele ambao sijausikia tangu utoto wangu. "Vyote! Na nilijua! Nilijua nikanyamaza!"

Ng'ambo ya uchochoro Mama Saluni akapiga makofi mara moja, kisha akajizuia.

Mwalimu wa udereva alimgeukia Kaka polepole, kama anayetazama kwenye kioo kabla ya kukata kona. "Kumbe. Na changu?"

Kaka alikuwa rangi ya majivu. "Chako," akasema. "Nilikivunja mimi. Niligeuza tinti."

Ndipo nikapokea ufunguo. Ni mzito, una kutu shingoni, na kufuli lake Baba alilifunga upande unaomfaa mtu wa mkono wa kulia. Nitalihamisha. Sikusema asante. Baba alingoja kidogo, mkono ukiwa bado umenyooka, kisha akaurudisha.

"Na mimi je?" Kaka akauliza baadaye, tulipobaki wawili.

"Vioo vya pembeni. Na kesho asubuhi tutasimama bega kwa bega nikuoneshe tena roli inafunguka upande gani. Ile chupa ya maji ya sabuni, ukijipulizia usoni tena, nakumwagia yote kichwani."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki.

Hasira haijaisha. Nayo ni kama tinti, imenywea upande mmoja tu, upande wa Kaka. Upande wa Baba bado masikio yamesimama, na sitayalazimisha. Turubai nimeliacha pale pale mlangoni. Watu walikuwa wanafutia viatu.

Vioo: kimoja. Mvua ilikuwa bado inapiga mabati nilipozima taa. Kulala: saa mbili na robo usiku.